Samaki Aliyefuata Kijiko

Juzi niliona sokoni kijiko kilichotobolewa na kufungwa ndoana, nikanusa tena matope ya mto wetu. Nilikuwa mtoto, Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na askari wake waliwasaka watu wa Kasai kama sisi.

Samaki mkubwa alifuata chambo cha baba hadi ukingoni, akageuka. Baba alijaribu kijiko, kisha waya wa shaba, kisha kipande cha bati.

"Papa, iko inafuata tu, haitaki kuluma. Twende," nilimwambia baba.

"Usigeuke, mwana. Angalia maji. Siye tuko bavuvi tu," baba alinong'ona.

Nilidhani ni ili samaki asishtuke. Nyuma yetu buti zilikwaruza changarawe, zikasimama kwa muda mrefu, kisha zikaondoka. Baba alipovuta bati lake, niliona halikuwa na ndoana.