Nusu Kilo ya Maini

Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka ishirini na saba, na hakuna muhula niliomaliza bila kubandika ukutani ile chati ya vyakula. Vya kujenga mwili, vya kutia nguvu, vya kulinda mwili. Watoto wa Kasikeu waliyaimba hayo maneno mpaka yakawatoka usingizini. Yai linajenga, ndengu zinajenga, chungwa linalinda. Kuna mtoto niliwahi kumfinya sikio kwa sababu aliandika kwamba chai ni chakula. Kwa hivyo mtanisamehe nikisema kwamba siku binti yangu aliponipigia simu kuniambia damu yake ni saba, sikuona huruma kwanza. Niliona hasira.

"Ati saba? Saba ya nini?"

"Ya kliniki, mama. Wamenidunga kidole. Muuguzi amesema inafaa iwe kumi na moja."

Alikuwa na mimba ya pili, na zilikuwa zimebaki wiki saba hivi ajifungue. Muuguzi alikuwa amemwambia kwamba akizaa na damu hiyo, atoke damu kama wanawake wanavyotoka, hatakuwa na ya kupoteza. Alimwambia hivyo msichana akiwa peke yake, kisha akaita anayefuata. Nilimuuliza binti yangu sasa anafanya nini. Akanijibu, kwa ile sauti yake ya upole inayonichosha, kwamba ameketi tu kwenye benchi anapumzika kabla ya kutembea kwenda nyumbani.

Kesho yake nilifunga safari. Nilibeba ndengu, kunde zilizokaushwa na gunia dogo la machungwa ya shambani kwangu. Binti yangu ameolewa huko juu, milima ya Nunguni, mahali pa baridi na mvua, penye kabichi, sukuma wiki na maparachichi mpaka yanaozea chini ya miti. Si kama sisi wa huku chini tunaoangalia mawingu yakipita. Nilipofika nilimkuta njiani akitoka bombani na mtungi wa lita kumi, amesimama kushika pumzi. Midomo ilikuwa imepauka kama ya mtu aliyekula unga. Nilimpokonya ule mtungi bila hata kumsalimu.

Tulipoingia ndani akaniandalia chai, kisha akatoa pakiti ya dawa kabatini. Zilikuwa zile tembe za madini ya chuma wanazopewa wajawazito ili waongeze damu. Akaweka moja ulimini, akaishushia na kikombe kizima cha chai iliyochemka mpaka ikawa chungu.

"Wee! Unafanya nini?"

"Nameza dawa, mama."

"Na chai?"

"Kwani ni makosa?"

Jameni. Miezi miwili alikuwa ameng'ang'ana na zile tembe, kila siku, bila kuruka hata moja, maana ni mtoto wa kufuata anachoambiwa. Na kila siku alizimeza na chai. Majani ya chai yanashika yale madini tumboni, mwili unapata kidogo sana, mengine yanaenda zake chooni. Dawa hiyo inataka maji, au chungwa, na chai ingoje saa moja au mbili. Ndiyo hiyo tu. Hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuikariri.

"Nani alikuambia umeze na chai?"

"Hakuna aliyeniambia nisimeze."

Hasira yangu ikamhamia yule muuguzi. Ni maneno matatu, usimeze na chai, na hayaagizwi kutoka Nairobi. Lakini foleni ilikuwa ndefu, sindano zilikuwa nyingi, na binti yangu si mtu wa kuuliza.

Nikaanza kukagua ile nyumba kama mkaguzi wa shule. Juu ya kabati kulikuwa na chupa sita za juisi nyekundu. Akina mama wa kanisa walikuwa wamezileta moja moja, ati za kuongeza damu, kwa kuwa ni nyekundu. Sukari, maji na rangi! Kama wekundu ungekuwa damu, mimi ningekuwa nimeshiba damu kwa ule wino niliosahihishia madaftari. Ndani ya leso yake nilikuta yale mawe laini ya udongo yanayouzwa sokoni, ambayo wajawazito hutafuna. Mwili wake ulikuwa ukilia kwa njaa ya madini, na yeye akautupia udongo. Nikayatupa nje, kuku wakaja kuyadonoa.

Ndipo nikawaona hao kuku. Walikuwa kumi na mmoja, wanene, wanataga. Nikamuuliza mama mkwe wake mayai yako wapi.

"Ni ya kuuzia hoteli," akasema. Ni mwanamke mzee, mwembamba, mchapakazi, anayeamka kabla ya jogoo. "Na hata hivyo mwenye mimba kubwa hafai kula mayai, mwalimu. Mtoto ananenepa, anakwama. Miezi ya mwisho mtu anapunguza chakula. Mimi nilizaa saba hivyo."

"Na waliobaki ni wangapi?"

Nilimuuliza hivyo. Haki ya Mungu, niliuliza. Mama huyo alinitazama, akachukua jembe lake akaenda zake shambani. Nilijua ni wanne. Mngedhani nilijuta, lakini siku hiyo sikujuta hata kidogo. Nilikuwa na mtoto wa damu saba.

Asubuhi iliyofuata niliteremka hadi sokoni, nikanunua nusu kilo ya maini ya ng'ombe. Nilisimama pale buchani nikahakikisha ni maini matupu, si mapafu yaliyochanganywa. Nilipanda kile kilima na magoti yangu haya, nikampa binti yangu mkononi. Nikamwambia, "Hii ni yako. Kata vipande vidogo, weka kitunguu na nyanya, ule na sukuma, halafu chungwa. Leo na kesho." Akasema ndiyo mama. Mimi nikaenda kujilaza, maana kichwa kilikuwa kinanigonga.

Nilipoamka nilisikia sauti sebuleni. Wageni wa kanisa walikuwa wamefika, mzee mmoja wa kanisa na akina mama watatu, wamekuja kumwombea binti yangu. Nikafunga leso yangu vizuri nikaenda kuwasalimu. Wote walikuwa wanakula. Muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa yaliyopikwa na maharagwe, ulikuwa mezani, sukuma ilikuwepo, na kwenye sahani ya yule mzee, na za wale akina mama, kulikuwa na maini. Maini yangu. Yamekatwa vipande vidogo, yana kitunguu na nyanya, kama nilivyoelekeza.

Nikageuka kumtafuta binti yangu. Alikuwa amekaa mlangoni mwa jikoni, kwenye kigoda, na bakuli la muthokoi lililotiwa mchuzi juu. Mchuzi tu. Mvulana wake wa miaka miwili alikuwa magotini mwake, na kipande kimoja kilichobaki alikuwa amekitia mdomoni mwa mtoto.

"Tumekuja kumwomba Bwana amwongezee damu," mzee akaniambia, midomo inang'aa mafuta.

Sijui niliyafanya vipi yaliyofuata, ninachojua ni kwamba niliyafanya. Nilinyoosha mkono nikaichukua ile sahani mbele ya mzee wa watu, na kijiko kikiwa bado hewani. Nikazichukua na za wale akina mama. Nikazikusanya zote kwenye sahani moja, nikaenda nikamwekea binti yangu mapajani.

"Bwana ameshaiongeza," nikasema. "Ilikuwa nusu kilo. Nyinyi ndio mnaimaliza."

Mama mkwe akasimama. "Mwalimu, hawa ni wageni. Umetuaibisha kwetu."

"Aibu ni jeneza," nikamjibu. "Hii ni sahani tu."

"Mama, tafadhali," binti yangu akaninong'oneza. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Rudisha. Tafadhali rudisha."

Kitu kilichonimaliza ni hicho. Si yule mzee, ambaye kusema kweli aliinamisha kichwa akasema kwa Kikamba kwamba mama wa binti ana haki, binti ale. Kilichonimaliza ni kwamba aliyekuwa akinisihi nirudishe chakula ni yule ambaye chakula kilikuwa chake, aliyekuwa akihema kwa kubeba lita kumi za maji. Nikamsimamia kama mwanafunzi aliyekataa kumaliza zoezi. Alikula kipande kwa kipande, akilia, na mimi nikahesabu. Wageni waliomba kwa haraka wakaondoka.

Si desturi yetu mama wa msichana kulala kwa wakwe zake usiku mwingi. Mimi nililala wiki sita. Walisema, na waseme. Mama mkwe alinipa salamu ya asubuhi na ya jioni, katikati hakuna neno. Mume wa binti yangu ni fundi wa mawe, kijana mpole, alirudi jioni akanikuta jikoni kwake nikigawa chakula, akaona heri anyamaze. Kila tembe ilimezwa kwa maji mbele ya macho yangu, na chungwa likafuata. Chai niliifungia. Mayai mawili kila asubuhi kabla hoteli haijaona hata ganda. Ndengu, kunde, sukuma, dagaa waliosagwa kwenye mchuzi, maini mara moja kwa wiki, na mimi nimekaa mkabala naye mpaka bakuli liwe tupu. Hakuna cha ajabu katika hiyo orodha. Hakuna kilichotoka ng'ambo. Ndengu ni zetu, kunde ni zetu, machungwa tunayajaza kwenye malori ya madalali kisha tunaugua kwa kukosa tulichokiuza. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Walipompima tena, damu ilikuwa imefika tisa na kitu. Si kumi na moja. Muuguzi alisema asizalie pale kliniki, aende hospitali kubwa, na watu wawili wa kutoa damu wawe tayari. Uchungu ulipoanza tulimpeleka hospitali ya mji wa Wote. Alizaa msichana, mdogo kidogo, mwenye kelele. Kisha binti yangu akatoka damu, kama tulivyokuwa tumeonywa.

Sitasimulia hiyo saa. Nilisimama kwenye korido nikiwa nimeshika viatu vyake. Daktari alipotoka alisema wamemtia chupa mbili, damu imesimama, ataishi. Kisha akaongeza kwamba kama angekuja na ile saba wangekuwa wanazungumza nami mambo mengine. Niliketi sakafuni pale pale.

Siku ya pili walinikubalia niketi kando ya kitanda. Nilikuwa nimepika supu ya maini nyumbani kwa dada yangu anayeishi pale mjini, nikaileta kwenye chupa ya chai. Mtoto alikuwa amelala kifuani mwa mama yake. Na mimi, badala ya kushukuru, hasira ikanirudia yote, maana hofu ilikuwa imeipisha tu.

"Yule mwanamke angeniulia mtoto," nikasema. "Na adabu zake za wageni. Na mayai yake ya hoteli. Nikirudi kule juu nitamweleza..."

"Mama, wacha kumtukana."

"Nimwache? Anakupakulia mchuzi mtupu na una damu saba, nimwache?"

"Hajawahi kunipakulia," binti yangu akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Pale nyumbani mimi ndiye hupakua, tangu siku niliyoolewa. Hakuna aliyeniambia nichukue mchuzi. Siku ya kwanza kabisa walichinja kuku kwa sababu yangu, na nikajiwekea shingo. Yeye mwenyewe alishangaa."

"Basi nani alikufundisha upumbavu huo?"

Alimfunika mtoto miguu. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka kukumbuka jambo, "Mama, kwetu maini yalikuwa ya nani?"

Yalikuwa ya baba yake. Niliyaweka kwenye bakuli la samawati, nikafunika na sahani ili yasipoe kabla hajarudi. Firigisi ilikuwa ya kaka yake, kwa sababu ni mwanamume na anakua. Yeye pia alikuwa anakua. Tangu akiwa na miaka minane alilibeba lile bakuli kwa mikono miwili hadi mezani, hakuwahi kumwaga hata tone, kisha akarudi jikoni tukala mimi na yeye kilichobaki kwenye sufuria. Wageni walipokuja niliwaambia huyu ni mtoto mwenye adabu. Hakuwahi kuomba. Nami sikuwahi kumpa, si mara moja.

Ningependa kusema kwamba nilikuwa nimesahau. Sikuwa nimesahau hata kidogo.

Nilifungua supu, nikamimina, nikamwekea vipande vyote kwenye bakuli. Binti yangu akashika kijiko. Halafu akakiweka chini, akaniuliza kama baba mtoto ameshakula.

Nilimwambia ale, na sauti yangu ikamwamsha kila mtoto wa ile wodi.