Leso Nyayoni

Kwa nini shangazi yangu, mwenye wajukuu sita, aliweza kuinama na kushika nyayo zake bila kukunja magoti, na kaka yangu mcheza mpira hakuweza? Likizo ile ya miaka ya themanini, nyumbani Magarini, sikuwa na jibu.

Kaka alikuwa nalo. "Wanawake mmeumbwa laini. Lakini maumivu hamyawezi." Kwa sababu hiyo, akasema, sitakimbia na timu yake asubuhi kama nilivyoomba.

Nikajaribu kuinama. Vidole vyangu vya mikono viliishia katikati ya miundi, na mimi ni mwanamke! Basi maumbile peke yake hayakutosha. Nikamtazama vizuri shangazi akishona makuti: miguu ameinyoosha mkekani, ncha ya kuti ameibana kwa vidole vya miguu, anainama, anarudi, tangu chai ya asubuhi mpaka adhuhuri. Mimi nilikuwa nimetoka kukalia viti vya chuo kikuu.

Nikaketi kando yake. Siku ya kwanza nyuma ya mapaja paliwaka moto.

"Shangazi, inauma."

"Inauma, eeh. Nipe kuti jingine."

Wiki ya sita nikamfuata kaka uwanjani na leso mbili, shangazi akiwa hakimu. Kila mmoja aketi miguu ameinyoosha, apitishe leso nyayoni, ashike ncha zake na kujivuta mbele mpaka mwisho wa uwezo wake. Atakayeachia kwanza ameshindwa. Nikishinda, nakimbia na timu.

"Utalia, dada," kaka akasema. Wachezaji wakacheka.

Tukavuta. Shangazi akatuzunguka. "We mwanamume, magoti hayo! Nyoosha!"

Kidevu cha kaka kikaanza kutetemeka. Machozi yalinilenga, nikayaacha yalenge.

"Shangazi, huyu hasikii uchungu!" kaka akalalamika.

"Anausikia sana. Wiki ya kwanza alikuwa akipanda kitanda kama mgonjwa."

Hapo leso ya kaka ikamponyoka. Uwanja mzima ukapiga kelele, na mchezaji mmoja akauliza kama shangazi anapokea wanafunzi wengine wa makuti. Kesho yake nilikimbia mbele kabisa. Kaka alikuwa nyuma, anachechemea.

Miaka mingi nilijisifu kwamba misuli yangu ilirefuka. Baadaye sana ndipo nilipojifunza kwamba kwa wiki chache za kujinyoosha misuli hairefuki kiasi cha kutajwa. Kinachoongezeka zaidi ni uwezo wa mtu kustahimili maumivu ya kuvutwa.