Uso wa Rubani wa Chovai

Karakana ya baba yangu Kismayo ilinuka mkaa na ndimu aliyosafishia fedha. Baba alikuwa sonara, na juu ya meza yake ilitundikwa picha ya babu wa babu yake, rubani wa kisiwa cha Chovai, aliyewapitisha mabaharia wa Kizungu kwenye miamba yetu mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa. Jina lake na la kisiwa yalichapwa chini kwa herufi za kigeni. Baba alinieleza kwamba fundi aliuchonga uso ule kinyume kwenye bamba la shaba, mstari baada ya mstari, akajaza wino kwenye michoro, akapangusa juu, kisha akabana karatasi iliyoloweshwa mpaka ikaunywa ule wino. "Papasa," aliniambia, nami nikauhisi wino umeinuka kama kovu. Pua ile ndefu chini ya kilemba ilikuwa pua ya baba hasa, na wateja walimtania kwamba kajichora mwenyewe. Wakati wa sala picha iligeuziwa ukutani, maana mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alisema malaika hawaingii palipo na sura.

Vita vilipofika, wenye bunduki walichukua fedha, vyombo, hata milango. Mwenye nguvu mpishe; sisi tuliwapisha mji mzima. Baba aliikunja picha akanipa niifiche kifuani. "Hii ndiyo itakayosema kwamba sisi ni wachu wa Chovai," akasema, akitamka "watu" kwa lahaja yetu ya visiwani. Tukiwa njiani kwenda Kenya, mchana kweupe, mashua ikaanza kuingiza maji, watu wakalia. Nilikuwa na miaka tisa na nilijua kosa ni langu: malaika walizuiwa na sura niliyoibeba mimi. Karatasi ilikuwa imelowa. Nikaukwangua uso kwa ukucha mpaka ukaisha. Tulifika salama, nami nikaamini nimewaokoa wote.

Kwenye kambi ya wakimbizi, afisa mmoja wa Kizungu alisema kupitia mkalimani kwamba, kwa kuwa tunasema Kiswahili, sisi ni Wakenya tunaojifanya Wasomali. Baba akaikunjua picha. "Uso uko wapi?" yule afisa akauliza, akacheka. Baba alinigeukia, akaelewa. Hakunipiga; laiti angenipiga. Akagusa pua yake akasema, "Uso ni huu." Mnyonge hana haki. Majina yetu yalifutwa kwenye orodha, na baba akaishi kambini hadi akazikwa huko, mtu asiye na nchi.

Siku hizi naishi Mombasa. Mwaka jana niliiona picha ile kwenye kompyuta, nzima, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho Ulaya. Kumbe bamba moja hutoa nakala nyingi. Nilitukana kwa sauti mpaka jirani akabisha hodi, na bado natukana. Wazungu ndio waliomchora, wao ndio waliotudai ushahidi, na siku zote alikuwa kwenye makabati yao. Binti yangu wa miaka saba, anayemjua babu yake kwa picha moja tu ya kambini, alichungulia begani kwangu.

"Mama," akasema, "mbona babu amevaa kilemba?"