Nilimwambia Mwalimu Ni Umri Tu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyomtazama Mwalimu Wafula machoni nikamdanganya, naye akaniambia asante. Nikikusimulia utaniona mtu mdogo. Sawa tu, nione mdogo, mradi usije ukafanya nilivyofanya.

Wakati huo nilikuwa fundi kijana hapa mjini Nyeri, mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Nilikuwa nimejifunza kutengeneza biodizeli. Nakusanya mafuta yaliyochoka kutoka vibanda vya chipsi, nayachuja, nayatia dawa, halafu nayamimina kwenye magari makuukuu ya dizeli. Gari likipita, mtaa mzima unanukia viazi. Watu walinicheka, lakini magari waliyaleta, na kichwa changu kikavimba.

Mwalimu alikuwa mstaafu, mtu wa magharibi mwa Kenya aliyefundisha kule Tetu, nje ya mji, miaka mingi mpaka akajenga huko huko. Kila Jumanne alimleta mkewe, Mama Rose, kliniki ya sukari hapa mjini, kwa gari lao la dizeli lililozeeka pamoja nao. Mafuta yangu yalilifanya lipande milima kwa uvivu. Badala ya kukubali kwamba mafuta ndiyo dhaifu, nikamwambia shida ni AC, kompresa yake inakula nguvu ya injini. "Nyeri hii na baridi yake, Mwalimu, hewa baridi ya nini?" Akacheka, akakubali. Alikuwa na mazoea ya kuiwasha asubuhi za ukungu, na mimi sikumuuliza kwa nini. Nikaing'oa yote, gari likapata nguvu kidogo, nikasifiwa.

Basi Julai ikaingia, na baridi ya Julai yetu unaijua. Asubuhi moja Mwalimu alitoka na mkewe, kioo cha mbele kikajaa mvuke wa pumzi zao. Akawa anaendesha huku anafuta kwa leso, akaikosa kona, gari likaingia mtaroni kando ya shamba la majani chai. Mama Rose aliteguka bega.

Gari likavutwa mpaka kwangu. Nilipofungua filta nikakuta mafuta yangu yameganda kwa baridi kama mchuzi uliolala, nikaiosha upesi kabla mtu hajaona. Kisha nikaketi ndani, nikafunga madirisha, nikakaa kidogo. Kioo chote kikapotea kwa mvuke. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba AC hukausha hewa ndani ya gari, ndiyo maana mzee alikuwa akiiwasha. Kwa hiyo nilijua, mwanangu. Usije ukanitetea kwamba sikujua.

Mchana Mwalimu akaja na kijana wake kutoka Nairobi, ambaye tayari alikuwa anataka baba yake aache kuendesha.

"Fundi," Mwalimu akasema, "hii kioo inashika ukungu kushinda zamani. Ama ni macho yangu? Niambie tu ukweli."

Kulikuwa na wateja wawili pale, matangi yao yamejaa mafuta yangu. Niliwaona wakitega masikio.

"Gari haina shida, Mwalimu," nikasema. "Ni umri tu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Asante kwa kuniambia," akasema, akatoa funguo mfukoni na kumpa mwanawe.

Wiki kadhaa baadaye nilikuwa Tetu nikijaribu gari la mteja. Ilikuwa Jumanne, manyunyu yanaanguka. Niliwaona kando ya barabara wakingoja mtu wa kuwabeba, Mwalimu amemshikia mkewe mwavuli, yeye mwenyewe analowa. Aliponitambua akanipungia mkono kwa furaha kabisa. Nilipita. Aibu ilinibana nikashindwa hata kukanyaga breki.

Jumamosi nikaenda nyumbani kwake, nikamweleza yote.

"Uliniita mzee mbele ya kijana wangu," akasema. "Leo ako hapa. Nitamwita, umwambie hii pia."

Nikamwambia kijana yote. Hakuna aliyenitukana. Mama Rose aliniletea chai.

Nilirudisha AC, nikasafisha tangi, nikaweka dizeli ya kawaida. Kijana akarudisha funguo kwa mikono miwili. Mwalimu akawasha gari, akaenda mpaka getini, akazima.

"Siwezi, fundi," akasema. "Siku hizi nikiona ukungu nafikiria ni mimi."

Hakuendesha tena maisha yake yote.

Mwanangu, kuharibu kazi hutokea, hakuna fundi asiyeharibu gari la mtu. Mimi ninayoionea haya mpaka leo ni ile sentensi moja niliyomtwika mzee wa watu ili jina langu libaki safi. Aliniuliza kwa sababu aliniamini kuliko alivyoyaamini macho yake. Mtu akikuuliza hivyo, mjibu ukweli palepale, hata kama wateja wako wote wamesimama wanasikiliza. Ukichelewa wiki chache tu, utamkuta ameshauamini uongo wako, na hutaweza kumtoa huko.

Mungu akupe ujasiri wa kusema "ni mimi niliyekosea" ungali na nafasi ya kurekebisha. Na utakapozeeka, akujalie watu wa kukwambia kweli.