Mataruma Thelathini ya Shigela

Shemeji yangu Mashimba, aliyemuoa dada yangu Rozina, ametembea kwa miguu kuliko ng'ombe wa mnadani. Miaka kumi na tisa alikagua reli kutoka kambini kwao kuelekea Fela, kilomita sita kwenda, sita kurudi, nyundo begani. Mimi mjomba wenu darasa la saba nilitokea dirishani, lakini reli naijua, maana nilishabeba kokoto wiki tatu nzima. Sikilizeni: reli mbili hazijishiki zenyewe. Zimefungwa kwenye mataruma, vile vyuma vilivyokingama chini yake, na mataruma yamelalia kokoto. Kokoto zikiondoka, vyote vya juu ni mapambo.

Kila taruma Mashimba aliligonga. Lililokaa vizuri husema "ko!" mara moja, likanyamaza.

Miaka yote hiyo alitembea na Shigela, yeye kushoto, mwenzake kulia, wakitaniana. Mwezi wa tatu Shigela akaanguka penye kalavati, lile daraja dogo linalopitisha maji chini ya reli, moyo ukasimama, nyundo ingali mkononi. Wiki moja baada ya mazishi Mashimba aligonga pale peke yake. Ko! Halafu, upande wa kulia, taratibu: ko.

Tangu hapo mataruma thelathini ya kalavati hakuyagusa. Aliyapita mbio, macho mbele, na kwenye daftari akaandika "salama". Mezani alikuwa akiacha kula ghafla na kugeuza shingo kulia. Rozina akiuliza, anasema ni mbu.

Mwezi wa tano, asubuhi moja baada ya mvua kubwa, nilimsindikiza. Tulipofika kalavati ndipo aliponiambia kwamba Shigela bado anamjibu.

"Lete nyundo," nikasema. "Mizimu yote ya Usukuma inanijua kwa jina."

"Shemeji, usicheze."

Nikagonga. Ko! Likajibu. Wanaosema nilikimbia ni waongo. Nilirudi nyuma kwa haraka tu, kiatu kimoja kikabaki.

Mashimba hakucheka. Alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya taruma. Ukazama mpaka begani. Maji yalikuwa yamekula kokoto. Mataruma yananing'inia kwenye reli kama nguo kwenye kamba, ukigonga moja linamtikisa jirani. Na treni ya abiria ilibakiza dakika ishirini ifike.

Angeweza kusema ni mvua ya jana, kazi yake ikapona. Lakini shimo la jana hujazwa kwa toroli moja. La miezi miwili hutafutwa mpaka mwisho wake, na bila kuambiwa ukweli wasingeutafuta. Akampigia simu mnyapara wao, Bernadeta.

"Zuia treni. Kalavati iko wazi chini."

"Tangu lini, Mzee Mashimba?"

"Sijagonga hapa tangu Shigela atutoke. Daftarini nimeandika uongo."

Tukamsikia akiwaamuru watu wa stesheni wazuie treni. Kisha: "Simamisha bendera nyekundu. Nakuja."

Treni ikasimama mbali, vichwa vimejaa madirishani. Genge la wafanyakazi wa reli likachimba, likamwaga kokoto, likashindilia mpaka mchana. Bernadeta hakumfokea. Alimpa nyundo.

"Barua yako utaikuta ofisini. Ila haya thelathini yagonge mwenyewe, nisikie."

Akagonga la kwanza. Ko!

Tukasikiliza. Kimya. Mashimba aligeuza shingo kulia, akasubiri kuliko sisi wote, mdomo wazi kidogo kama mtu anayetaka kuitika.

"La pili, mzee," Bernadeta akasema polepole.