Gari la Joginder na Mlima wa Sondu

Siku hizi mwandishi wa magari hupewa funguo, chakula cha mchana na kofia yenye jina la kampuni, kisha anakuja kutuambia gari ni zuri. Nawasoma nikisonya. Mimi nilifanya kazi na Zeituni Abdulrahman, na aliyefanya kazi na Zeituni hadanganyiki kirahisi.

Nazungumzia Kisumu ya miaka ya themanini na mwanzo wa tisini, tulipokuwa na gazeti letu dogo la Kiswahili lililotoka kila Ijumaa. Mimi Nasambu nilikuwa mpanga herufi pale, mikono myeusi kwa wino tangu asubuhi. Zeituni alikuwa mwalimu wa udereva, mzaliwa wa Kaloleni, binti wa dereva wa lori. Alijifunga kanga kichwani, akavaa raba, na kila wiki alituandikia habari za gari moja. Ah, Kisumu ile! Watu walinunua gazeti wakaanzia ukurasa wa nyuma kwa sababu yake.

Waandishi wa Nairobi walijaribu gari likiwa tupu, kwenye lami laini. Zeituni aliwacheka. "Nani huku kwetu anasafiri peke yake? Niandikie mtu anayekwenda matangani na shangazi zake wote!" Kwa hiyo yeye alingoja siku ya soko, akaenda Katito, akajaza akina mama na magunia yao, bure kabisa, akapanda nao mlima hadi Sondu. Mwenye gari hakuruhusiwa kupanda, asije akalitetea njiani. Wauzaji wa magari walimwogopa kuliko askari wa trafiki.

Basi kulikuwa na fundi mmoja, Joginder Singh, rafiki yake wa miaka mingi. Mwaka wa tisini na moja alichukua gari kuukuu, akaiacha injini yake ya petroli, akaongeza mota ya umeme na mabetri ili visaidiane. Gari lile lingekula petroli kidogo na mlimani mota ingeongeza nguvu. Mji mzima ulimcheka. Lakini tajiri mmoja wa Nairobi alimwambia: Zeituni akiandika kwamba linafaa, nitakuja tuyatengeneze mengi. Joginder hakulala vizuri tena. Karakana nzima, ndoto yake yote, ikawa imekaa kwenye kalamu ya rafiki yake.

Zeituni aliliendesha kama alivyoendesha mengine. Akina mama wa Katito walijaa, magunia yakaziba kioo cha nyuma, nyimbo zikaanza. Mlimani gari lilienda polepole sana, lakini halikusimama. Mengine mengi yalikuwa yameshindwa pale pale. Alirudi ofisini uso unang'aa. "Nasambu, limepanda! Limepanda lenyewe!" Akaandika hivyo, nami nikapanga herufi hivyo. Gazeti moja kubwa la Nairobi likanakili maneno yake, na tajiri akatuma habari kwamba anakuja.

Kisha akaingia ofisini Mama Akumu, muuza vyungu wa Katito, amekasirika kwelikweli.

"Nani hapa anaandikanga mambo ya magari?"

"Ni mimi, Mama," Zeituni akasema.

"Yawa! Sisi tulisukuma hiyo gari mpaka mgongo ikauma. Kwa gazeti hakuna jina yetu hata moja. Hiyo ni haki?"

Zeituni akaketi. Mimi pia nikaketi, na sikuwa na kiti karibu.

Ungekuwa mgeni ungeuliza, mbona abiria hawakumwambia? Wangemwambia nini? Enzi zile, gari likianza kulegea mlimani, watu waliokuwa wakitembea, kama Mama Akumu siku ile, walitua mizigo yao, wakaweka mabega, wakasukuma, kisha wakaendelea na safari zao. Hakuna aliyeitwa, hakuna aliyeona ni jambo la kusimulia. Akina mama waliokuwa ndani walichungulia madirisha ya pembeni, wakaona wenzao wanasukuma, wakaendelea kuimba. Zeituni kwenye usukani, kioo cha nyuma kimezibwa na magunia, hakuona kitu.

Tulikwenda kwa Joginder siku hiyo hiyo. Alisikiliza huku anajifuta grisi mikononi, anazidi kujifuta hata ilipokwisha.

"Dada, mimi iko karibu kabisa. Ngoja huyo mtu akuje kwanza. Baadaye natengeneza hiyo mlima."

"Anakuja kwa sababu ya maneno yangu, Bwana Singh. Na maneno yangu si kweli."

"Wewe ni rafiki yangu."

"Ndiyo. Ndiyo maana nimekuja kukuambia mwenyewe kabla hujasoma."

Nilimwomba Zeituni njia nzima tukirudi anyamaze. Nani angejua? Mama Akumu alitaka jina tu, tungempa jina! Akaandika kwamba gari lilisukumwa, akawataja Mama Akumu na wenzake. Akaandika pia kwamba kwenye tambarare, kutoka mjini hadi Katito, hajawahi kuendesha gari linalokula petroli kidogo kama lile. Nilipanga herufi zile nikilia, na sioni haya kusema.

Lile gazeti la Nairobi likanakili tena. Safari hii lilichukua kusukumwa tu, likatia na kejeli zake. Habari ya tambarare ikatupwa. Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka. Tajiri hakuja. Joginder akaing'oa mota, akaliuza gari likiwa gari tu, na alipokutana na Zeituni mjini alivuka barabara. Zeituni alimsalimia hivyo hivyo, kila mara, kwa sauti. Aliumia. Gazeti letu lilipofungwa alibaki na wanafunzi wake wa udereva, na jina la Joginder halikutajwa kwake.

Mwaka wa tisini na nane magazeti yakaleta habari za Japani: gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme limeanza kuuzwa. Sifa tupu, ukurasa mzima. Zeituni akakunja gazeti, akaniambia tufuatane. Joginder alikuwa mlangoni kwake, ndevu zimekuwa nyeupe. Safari hii hakuwa na pa kuvukia. Akalipokea gazeti, akasoma hadi mwisho, polepole.

"Imepanda mlima?"

"Hawakuandika."

"Na watu ngapi ndani?"

"Hawakuandika."

Akamrudishia gazeti. "Sasa hawa iliandika nini?" Macho yakamlowa. "Dada, mimi nilikasirika na wewe miaka yote. Lakini hata siku moja mimi hapana sema wewe ilidanganya. Kama ingekuwa uongo, hiyo maneno haingeuma."

Zeituni alilia pale mlangoni, mbele ya wapita njia. Joginder akaenda ndani mwenyewe kumletea kiti.