Fundi Saa na Vichupa Viwili vya Hamira

Cheti kilicho ukutani mwa karakana ya fundi saa kina tarehe 14 Juni 2008: mshindi wa kwanza, mvinyo wa nyumbani. Tangu siku hiyo, aliyemuuliza neno moja alipewa somo zima. Hamira ya bia huchoka mapema. Kilevi kikipanda, huzimia na kuiacha sukari ilivyo. Hamira ya mvinyo ni sugu, haiachi kazi njiani. "Asiyejua tofauti hiyo," alikuwa akisema, "abaki na chai yake."

Zote mbili alizitia kwenye vichupa vya kioo visivyo na lebo, ndani ya friji. Lebo, kwake, zilikuwa za wasiojua kunusa.

Binti yake alipohitimu chuo, mvinyo wa zabibu ulimiminwa mchana, sebule imejaa ndugu. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alionja, akalamba utamu midomoni.

"Shemeji, hii ya kunywa au ya kupaka kwenye mkate?"

Watu wakaangua kicheko. Fundi saa masikio yakamchemka.

"Muulize dada yako. Nilimkataza kugusa mtungi wa mvinyo, yeye kaufungua mara sijui ngapi."

Mkewe alikuwa ameshika sinia la glasi. Alimtazama, akalitua mezani taratibu, akaenda jikoni. Binti akamfuata. Kicheko kikafa hapo hapo.

Jumatatu fundi saa alitaka kuanza mtungi mwingine. Alifungua friji, akavitoa vichupa. Alikuwa amevijaza vyote mwezi wa kwanza, na tangu hapo alichachusha mvinyo wa binti tu. Kimoja kilikuwa nusu. Akakinusa. Akanusa kile kilichojaa. Akarudia, akijua kwamba harudii kwa sababu ya shaka. Kilichojaa kilikuwa cha hamira ya mvinyo. Na wiki ile ya kuchachusha, alikumbuka, alikuwa na mafua ya kufa mtu.

"Funga friji, baba watoto," mkewe alisema, akichambua mchele. "Au unapoza mtaa mzima?"

Aliifunga.

"Ule mvinyo… nilikosea mimi. Nilitia hamira ya bia."

"Najua. Nilikwambia ungoje pua izibuke, ukaniambia pua yako haijawahi kukudanganya."

"Sasa mbona hukusema pale?"

"Mbele ya mwanao? Uso ungeuweka wapi?"

Fundi saa angefurahi zaidi kama angefokewa. Mkewe aliokota kijiwe, akakitupa.

"Samahani, mama watoto."

"Hiyo unanipa huku jikoni, tuko wawili. Kule ulinisema mbele ya watu."

Siku hiyo hakugusa mtungi. Alimpigia simu shemeji, kisha binti, akawaomba waje na wengine wote waliokuwapo.

Watakuja Jumapili mchana. Kabla chakula hakijapakuliwa, fundi saa atasimama na kuwaambia ni nani aliyeharibu mvinyo.